Mgonjwa Haulizwi Uji

Nilirudi kutoka Dar es Salaam na karatasi tatu, kopo la vidonge vya kuongeza damu, na ugonjwa ambao Mafia nzima hapakuwa na mtu aliyekuwa tayari kuamini kuwa ninao. Kosa la kwanza lilikuwa la daktari, kwa sababu hakunipa dawa ya ugonjwa wenyewe. Angenipa japo chupa moja ya maji mekundu, akaniambia ninywe vijiko viwili kutwa mara tatu, ningeheshimika. Kwetu Kilindoni ugonjwa usio na dawa si ugonjwa, ni maringo.

"Sasa anakutibu kwa nini?" aliuliza mama yangu, Bi Sihaba, siku hiyohiyo, kabla sijavua baibui.

"Kwa kuacha ngano."

"Kuacha ngano mpaka lini?"

"Mpaka nife, Mama."

"Audhubillahi," akasema, akainuka kwenda kuangalia jikoni, ambako hapakuwa na kitu motoni.

Nieleze kwanza nilikotoka, maana najua hata nyinyi mtaniona nina deko. Kwa miaka minne nilikuwa nikiharisha, tumbo likijaa kama la mja mzito, damu ikipungua, nywele zikibaki kwenye kitana. Nilitibiwa taifodi mara sita. Nilitibiwa amiba, minyoo, vidonda vya tumbo, na mara moja husda, kwa kombe nililonyweshwa na mzee mmoja wa Kirongwe aliyeniapia kuwa aliyenifanyia ni mtu mfupi anayekaa upande wa machweo. Mume nilikuwa naye. Mwaka wa pili wa maradhi akaondoka, akisema yeye alioa mke, hakuoa wodi. Nilipofika Dar nilikuwa na miaka thelathini na mitatu na kilo arubaini na moja. Daktari aliniingiza mpira wenye kamera kupitia kooni, akautazama utumbo, akaona mara moja kile ambacho wengine walikuwa wakikipigia ramli.

Jina lake siliaki. Kwa lugha ya jikoni, maana yake ni kwamba ngano ikiingia tumboni mwangu, kinga ya mwili inaidhania adui, na katika kuipiga inaupiga utumbo wenyewe. Utumbo wangu ulikuwa umekwanguliwa kama sufuria yenye ukoko. Nilikuwa nakula, lakini chakula kilikuwa kinapita tu. "Ukiacha ngano kabisa, utumbo utaota upya," daktari aliniambia. "Si kupunguza, ni kuacha. Ngano, shayiri, na chochote kilichogusana navyo. Rudi baada ya miezi sita tukupime tena. Ukirudi na uzito huuhuu, nitaogopa." Daktari akikuambia ataogopa, mgonjwa huna haja ya kuuliza zaidi.

Aliniuliza pia kama kuna mtu katika familia aliyewahi kukonda namna ile. Nikamtajia marehemu dada yangu Shamsa, aliyefariki akiwa na miaka kumi na tisa, mimi nikiwa na kumi na miwili, baada ya mwaka mzima wa tumbo lisilopona. Akaandika. Akasema ugonjwa huu hutembea katika damu moja, na ndugu zangu wapimwe. Nilimweleza Mama hayo jioni ile niliporudi. Akainuka kwenda kufungia kuku. Tangu siku hiyo, kila nikianza kueleza ugonjwa wangu, Mama alikuwa anapata kazi: kuku hawajafungiwa, adhana imekaribia, kuna nguo kwenye kamba. Nilijua ni ukaidi. Ukoo wetu umejaaliwa huo kwa wingi.

Wakaanza kuja watu wa kunijulia hali. Hapo ndipo nilipogundua kuwa sisi watu wa pwani hatuna namna ya kumpenda mtu bila ngano. Kisiwa hiki kimejaa wali, ndizi, viazi, muhogo, kunde, na samaki wa kila rangi; mtu anaweza kuishi hapa miaka mia asiione ngano kwa macho. Lakini hivyo ni vyakula vya kushiba tu. Ukitaka kumheshimu mtu unampelekea chapati, maandazi, sambusa, mkate wa mayai, kaimati zilizolowa shira. Kwa wiki mbili sebule yetu ilikuwa kama duka la mikate. Na kila aliyeleta alikaa kungoja anione nikila.

"Kidogo tu, Nusra. Usinivunje moyo."

"Siwezi, shangazi. Ngano inanidhuru."

"Haya si ngano, haya maandazi."

Hayo niliyasikia kwa masikio yangu, tena kwa mwalimu mstaafu. Mwingine aliniambia nitie bismillahi kwanza. Mwingine akanifahamisha kuwa mkate wa boflo ndio mbaya, kwa sababu ya hamira, ila chapati haina neno. Mdogo wangu Ridhwan, fundi wa mashine za boti, mtu ambaye hawezi kutofautisha homa na uvivu, naye alipata la kusema.

"Dada, umeambukizwa na wageni wako."

Alinigusa penye kidonda. Mimi nafanya kazi ya mapokezi katika hoteli moja ndogo ya Utende, wanakofikia wageni wa kupiga mbizi katika Ghuba ya Chole. Kwa miaka saba nilikuwa nikiandika kwenye fomu za wageni "hali gluteni," yaani hagusi ngano, nikaipeleka fomu jikoni kwa mpishi wetu Mudrik, tukacheka wote wawili. Tulikuwa tunaambizana kwamba shibe ikizidi, mtu huanza kuogopa mkate. Sasa nikamwendea Mudrik na fomu yenye jina langu mwenyewe. Aliisoma mpaka mwisho, akaniangalia kwa adabu zote za kazi.

"Chumba namba ngapi, madam?"

Alicheka mpaka saa za kutoka. Lakini haki yake nimpe. Kuanzia siku ile chakula changu cha mchana kilikuwa na sufuria yake, kikaango chake na mwiko wake, na yeyote aliyevigusa alitukanwa. Katika kisiwa kizima Mudrik peke yake ndiye aliyenifanya mgonjwa wa kweli, kwa kuwa alishazoea kuwafanyia hivyo watu asiowajua.

Nyumbani ilikuwa vita. Lazima niseme kwamba Mama si mpishi hivihivi. Mama ndiye bingwa wa bokoboko, ile ngano nzima inayochemshwa na nyama na kupondwa kwa mwiko mpaka ikavutika. Kwa sisi wenye asili ya Omani hakuna Idi bila bokoboko, hakuna harusi, na zaidi ya yote hakuna mgonjwa wala mzazi anayeinuka kitandani bila hilo. Watu hutoka Baleni na Jibondo kuja kumwomba Mama awapikie. Wiki ya kwanza tu aliniwekea sahani, samli inaelea juu, harufu yake ikinikata maini.

"Mama, hii ni ngano."

"Umekatazwa unga. Hili si unga, ni ngano nzima nzima."

"Ngano nzima ndiyo mama yake unga."

Akaichukua sahani, akalipeleka sufuria zima kwa majirani, na kwa siku mbili hakunisemesha ila salamu. Mimi nami nikanuna, maana kununa huko sikukuanza mimi, nimekurithi kwake.

Hata hivyo mwili haukungoja ruhusa ya mtu. Mwezi wa kwanza nilifika kilo arubaini na tatu kwenye mizani ya duka la dawa, katikati ya wa pili nikafika arubaini na tano. Tumbo likalala. Nikaanza kupanda ngazi za hoteli bila kusimama katikati kujifanya natazama bahari. Siku moja nilijiona kwenye kioo nikakuta nina mashavu, nikakaa chini nikalia kama mtu aliyefiwa.

Katikati ya mwezi huo wa pili Mama alilainika. Alfajiri moja alikuja na kikombe cha uji wa mchele, mwepesi, wenye tui na iliki. "Haya," akasema, "mchele huo, sina la kusema tena." Nilifurahi kupita kiasi. Nilimwambia Mudrik kuwa hatimaye mama yangu amesalimu amri. Kuanzia hapo kila siku nikitoka kuswali nakuta kikombe, na Mama amesimama mlangoni hataondoka mpaka akione kitako cha kikombe.

Mwezi wa tatu mizani ikaanza kurudi nyuma. Tumbo likaamka. Mara mbili nilimwomba dereva wa bodaboda asimame kati ya Kilindoni na Utende nikimbilie minazini, na mara ya pili akaniuliza kama ninakwenda kazini au ninakwenda kuzika kitu. Nikawa mpelelezi. Nilikagua kila nilichotia mdomoni: chumvi, masala, sosi, hata dawa ya meno. Mshukiwa wa kwanza alikuwa Bi Mwanahalima, muuza vitumbua wa karibu na soko, ambaye nilikuwa nikinunua kwake vitano kila Jumamosi.

"Shikamoo, Bi Mwanahalima."

"Marahaba, mwanangu. Vitano?"

"Kwanza niambie unatia nini."

"Mchele, tui, sukari, iliki, hamira."

"Na nini?"

"Na nazi."

"Tui umeshalitaja. Na nini, Bi Mwanahalima?"

Akageuza kitumbua ambacho kilikuwa hakijaiva. "Na konzi moja ya unga wa ngano, vishikane. Kila mtu anatia."

"Uliniapia kuwa ni vya mchele."

"Si ni vya mchele. Konzi moja si kitu cha kumtajia mtu."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, mbele ya wateja, na yeye ni mkubwa wangu. Niliacha vitumbua. Nikangoja wiki mbili nikijipongeza kwa ujanja wangu. Nilipopanda kwenye mizani ikasema arubaini na tatu, na wiki iliyofuata arubaini na mbili.

Hapo niliogopa, sitaficha. Mtu anaweza kuvumilia kuugua asipojua anaugua nini. Mimi nilikuwa najua, nilikuwa nimeshaonja kupona, na kupona kukaniponyoka bila kujua nakosea wapi. Nikawa nahesabu wiki zilizobaki kabla ya kurudi kwa daktari. Nilikuwa namwona akitazama karatasi, akivua miwani, na kuogopa kama alivyoniahidi.

Katikati ya hayo ikaja harusi ya binamu yangu Amal kule Chole. Nilivuka na wenzangu kutoka Utende, na kwa kuwa mimi ni mtu mwenye akili, nilibeba wali wangu na samaki wangu katika bakuli la plastiki lenye kifuniko. Akili hiyo ningeiacha nyumbani ingekuwa heri. Kwetu mtu hendi karamuni na chakula chake. Anayefanya hivyo amesema, bila kufungua mdomo, kuwa mwenye shughuli ni mchawi. Nilipofunua bakuli, mazungumzo yakakatika mkeka mzima. Mama wa bibi harusi akaja, akasimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Unaogopa tutakuroga, Nusra?"

"Hapana, mama mdogo. Ni maradhi yangu."

"Maradhi ya kuchagua wali wa watu na wali wako?"

Nilianza kueleza kwamba wali wenyewe hauna neno, ila mwiko uliotoka kwenye bokoboko ukaingia kwenye pilau ndio tatizo, na nilipoinua macho nikamwona Mama. Alikuwa amesimama na mwiko huohuo mkononi, jasho likimtiririka, maana bokoboko la harusi nzima alikuwa amelisonga yeye tangu alfajiri. Wanawake wote wakamtazama, kisha wakanitazama mimi. Mama akarudi kwenye sufuria lake. Njia nzima ya kurudi hakusema kitu, na mimi nikasema peke yangu kwa niaba ya wote wawili.

Wiki iliyofuata nilipita kwenye duka la nafaka la Anwarali, kwa mkewe Kulsumbai, kununua unga wa uwele. Kulsumbai ndiye aliyenifundisha kuchoma mikate ya uwele kama alivyokuwa akila kwao utotoni, na alinifundisha bila hotuba, jambo nililomshukuru sana. Siku ile alinipimia unga akiwa na uso wa furaha.

"Alhamdulillahi, naona tumepona."

"Nani kapona?"

"Wewe. Mama yako si kachukua ngano ya bokoboko jana tena? Mwezi huu mara ya tatu. Nikamwambia Anwarali, yule mtoto kapona, sasa anakula."

Nilimwambia nyumbani kwetu hakujapikwa bokoboko tangu wiki ile ya kwanza niliporudi kutoka Dar. Kulsumbai akaacha kupima. Akanitazama, akatazama unga, akaufunga mfuko haraka na kunipa. Mimi nilikuwa nimeshatoka.

Nilimkuta Mama jikoni uani, Alasiri imeshaswaliwa, amekaa kwenye kigoda na kanga amejifunga kifuani. Mbele yake palikuwa na sufuria la ngano iliyochemshwa mpaka ikapasuka. Alikuwa ameitia ngano kwenye kitambaa cheupe na anaikamua juu ya bakuli, kwa nguvu, kama akamuavyo tui. Maji mazito, meupe, yalikuwa yanachuruzika kati ya vidole vyake. Karibu naye palikuwa na jagi tupu, lile ninalolikuta kila asubuhi kwenye friji nikadhani ni la maziwa ya mtindi.

"Hayo nini, Mama?"

Hakushtuka. "Maji."

"Ya nini?"

"Ya ngano. Ngano yenyewe nawapa kuku. Umekatazwa kula ngano, na hujala hata punje."

"Unanitilia kwenye uji."

"Mgonjwa haulizwi uji," akasema, akaendelea kukamua.

Nilikuwa na hasira nyingi mwaka ule, lakini hiyo ilikuwa nyingine. Nilimpandishia sauti mama yangu mzazi, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, Mungu anisamehe. Nilimwambia nimeharisha minazini kama mbwa. Nilimwambia nimemvunjia heshima Bi Mwanahalima mbele ya watu kwa konzi moja, na kumbe jagi zima liko kwetu. Nilimwambia kila kikombe alichonisimamia mpaka nikakimaliza kilikuwa kinanirudisha kaburini, na kwamba akiwa hataki kumwamini daktari, basi aiamini mizani.

"Unaniua, Mama," nikasema. "Kwa mkono wako mwenyewe unaniua."

Mkono wake ukasimama.

Alikiweka kitambaa pembeni, akajifuta mikono kwenye kanga, kidole kimoja kimoja.

"Yule daktari wako," akasema, "ulipomtajia Shamsa, alisemaje?"

"Nilishakwambia siku ile."

"Siku ile sikusikia. Sikutaka kusikia."

Ndipo nilipoelewa, na nikajiona mjinga kuliko wote niliokuwa nikiwatukana. Mwaka ule wa Shamsa, bokoboko lilikuwa likipikwa nyumbani kwetu kila siku ya Mungu. Nakumbuka vizuri, kwa sababu nilikuwa nikikwangua sufuria na kumwonea wivu. Mama alikuwa akimlaza kichwa mapajani na kumlisha kwa kijiko, na kadiri Shamsa alivyokonda ndivyo Mama alivyozidi kumlisha. Miezi mitano nilidhani Mama haamini ugonjwa wangu. Aliuamini tangu nilipoutaja, na ndiyo maana alikuwa anakimbilia kuku. Ningepona kwa maji yake ya ngano, basi Shamsa angekuwa amekufa kwa siku yake kufika tu, kama walivyosema watu kwenye matanga. Mama alikuwa anangoja kitako cha kikombe changu kimwambie hivyo.

Uongo ulinijia mdomoni, mzima, umeshapangwa. Nimwambie daktari alisema la Shamsa lilikuwa jambo jingine. Ningemtua mzigo pale pale. Na kesho alfajiri angeniletea kikombe kilekile, kwa moyo mweupe zaidi. Kweli nayo nilikuwa naijua itakwenda kupiga wapi. Nimesema ovyo mwaka mzima, kwa wakubwa na wadogo, na siku ile nilisimama uani nisijue pa kuuanzia ulimi.

"Hajui, Mama," nikasema. "Shamsa hakupimwa. Hakuna atakayejua tena."

"Lakini anadhani."

"Anadhani."

Akatikisa kichwa polepole, mara nyingi. Akausogeza mkeka kwa mguu.

"Kaa unieleze. Tangu mwanzo, usiruke kitu."

Miezi yote ile nilikuwa namtafuta mtu mmoja wa kunisikiliza mpaka mwisho. Nikampata, na kila neno likawa linanishinda. Nilieleza. Nilieleza utumbo, na kinga, na kwa nini maji ya ngano ni ngano. Nilipokuwa naruka, Mama alikuwa ananirudisha. Hakuinuka. Kuku walipanda mpaka kwenye sufuria wakala, hakuwafukuza.

"Na mtu akiacha, utumbo unarudi?"

"Unarudi."

"Hata akiwa amekwisha kabisa?"

"Mara nyingi unarudi, Mama. Akiwahi kuacha."

"Bila dawa."

"Bila dawa."

Akainuka. Alilimwaga bakuli lile uani, akaliosha sufuria kwa majivu, kisha kwa sabuni, kisha kwa majivu tena, akaniuliza kama limetakata au tulitupe. Nikamwambia limetakata, ila kitambaa tukitupe. Akakitupa. Akaniuliza na mwiko, nikamwambia mwiko wa mti nao tuutupe, na huo aliushika kidogo kabla ya kuuacha, kwa kuwa ndio aliokuwa akisongea harusi zote. Nilitaka kumwomba radhi kwa yale niliyomwambia, lakini alikuwa amenipa mgongo, anatazama nje, na alipozungumza hakuwa anazungumza na mimi hasa.

"Alikuwa akiniomba muhogo," akasema. "Kila siku. Muhogo wa kuchemsha na chumvi, basi. Nikawa namwambia muhogo si chakula cha kumpa mgonjwa, watu wakija watatuonaje."